Mlango wa Tata Kazadi

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nimezunguka nayo miji mingi na bado haijanitoka kichwani. Ni siku niliyompelekea Mama Ngalula picha ya nyumba yake, naye akaniuliza ni nyumba ya nani. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikuona umerudi kutoka mjini na picha zako zote nne, ukaziegemeza ukutani zikiwa zimetugeuzia mgongo. Namna ile ya kuegemeza picha naijua.

Sijawa mzee sana. Nina miaka arobaini na minane, meno yangu yote yapo. Lakini nimeishi Kolwezi, Likasi, Kamina, Lubudi, halafu tena Kolwezi, na mtu anayehamahama hivyo hukusanya mambo ya kusema mapema kuliko wenzake.

Zamani zile tulikaa Kapata, mtaa wa Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni ya madini. Baba yangu alikuwa mgodini, na sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga, jimbo hilo hilo. Nyumba zenyewe unazijua: mistari na mistari, kuta nyeupe, chini mkanda mweusi wa lami ili matope ya mvua yasionekane. Nilimaliza sekondari nikakosa kazi, nikaenda kujifunza kuchora kwa bwana mmoja wa mtaa wa Dilala. Yeye alikuwa na njia yake. Kila kitu alikuwa amekikata kwenye katoni: katoni ya simba, katoni ya mwanamke nusu samaki, katoni ya mto na minazi ambayo hakuna aliyewahi kuiona Kolwezi, katoni ya nyumba. Unatandaza mfuko wa unga uliofuliwa vizuri na kukazwa kwenye mbao, unaweka katoni juu, unapitisha penseli pembeni, unajaza rangi. Siku moja inatoka picha nne. Aliponipa nakala za katoni zake nilifurahi kama mtu aliyeandikishwa kazini.

Kwa miaka saba nilizungusha picha zile mlango kwa mlango, na kwa miaka saba nilirudi nazo. Mlinzi wa klabu ya mainjinia hakuniruhusu hata kupita getini. Padri mmoja alitazama Familia Takatifu yangu, akasema kwa upole kwamba watu wote watatu, pamoja na mtoto, wana uso mmoja. Mwenye baa mmoja wa Dilala aliwaita wateja wake.

"Njoeni muone simba ya uyu kijana! Iko na sura ya mbuzi yenye ilikosa chumvi!"

Walicheka sana. Nilicheka nao, nikaenda kulia nyuma ya choo cha baa. Nyumbani mama yangu alitandika picha zangu chini ya godoro ili zisipate vumbi, alivyosema. Nilijua ni kwa sababu godoro lilikuwa limechakaa.

Ndipo mambo yakaharibika. Kwanza mgodi ulibomoka chini ya ardhi, kisha kampuni nayo ikaanza kubomoka huku juu: mishahara ikachelewa, unga wa kampuni ukapungua, halafu ukakoma. Na watu wanapokosa unga hutafuta wa kumlaumu. Mikutano ikaanza, na maneno kwenye redio, kwamba waliotoka jimbo la Kasai warudi kwao. Hata waliozaliwa Kapata, wasioijua Kasai isipokuwa kwa jina. Vijana walipita wakigonga milango. Baadhi yao nilikuwa nimekaa nao dawati moja.

Mama Ngalula na mume wake, Tata Kazadi, kama tulivyowaita akina baba, walikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walikuwa watu wa Kasai. Tata Kazadi alitengeneza mashine kwenye karakana ya kampuni, mtu wa maneno machache. Utotoni nilikula kwao mara nyingi kuliko nilivyokula kwetu. Siku walipopewa amri ya kuondoka, Mama Ngalula aliniita.

"Ilunga, mwana yangu. Wewe unachoraka. Unichoree nyumba yangu, niende nayo."

Katika miaka saba huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniomba picha. Wengine wote ni mimi niliyewaomba waitazame. Sasa sikiliza nilichofanya. Nilirudi nyumbani, nikachukua katoni ya nyumba, nikaiweka juu ya kitambaa, nikapitisha penseli. Nilijiambia nyumba zote za Kapata ni moja, ramani moja, matofali yale yale. Juu ya mlango niliandika namba ya nyumba yao, nikaona nimemaliza. Sikutoka hata mara moja kwenda kuitazama, na ilikuwa hatua hamsini.

Kesho yake nilimkuta anafunga masufuria ndani ya shuka. Alifuta mikono, akashika picha, akaitazama muda mrefu.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni yenu, mama. Angaria namba."

"Hapana. Hii ni nyumba ya kompani. Yangu iko wapi?" Akanirudishia picha taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo si yake. "Wewe ulikulaka mu ile nyumba, Ilunga. Ulilalaka mule. Bazungu ba kompani bakikosa kuiona, mi sishangae. Lakini wewe?"

Hakupandisha sauti. Aliendelea kufunga masufuria. Mchana ule walisukuma mkokoteni mpaka kwenye stesheni ya treni, wakajiunga na wale maelfu waliokuwa wakilala nje wakingojea mabehewa.

Nilikasirika, Mwanangu, usifikiri nilielewa papo hapo. Nilisema moyoni, watu wanafukuzwa na huyu anachagua picha. Siku nne nzima nilikuwa na hasira hiyo. Siku ya tano hasira iliisha, na nikaona kilichokuwa chini yake: mtu mmoja aliniomba kitu, na nilimpa kile nilichowapa wasioniomba.

Basi nilibeba ndoo, nikaigeuza, nikaketi ng'ambo ya barabara mbele ya nyumba yao. Watu wengine walikuwa wameshaingia. Nilichora penseli siku tatu kabla ya kugusa rangi. Ndipo nikaona mambo ambayo nilikuwa nimepita mbele yake tangu utoto. Mikebe ya maziwa ambamo Mama Ngalula alipanda vitunguu majani, sita, mmoja umelala. Ukuta uliochubuka kwa mpini wa baiskeli, pale pale, miaka na miaka. Bati moja jipya kati ya yaliyozeeka. Na mbele ya mlango, kwenye sementi, mchirizi mweupe uliopinda kama ukucha uliokatwa. Sikujua ni wa nini. Niliuchora tu kwa sababu ulikuwepo.

Kalenga, niliyesoma naye, alipita na wenziwe wenye fimbo, akaniita mchoraji kwa Kifaransa.

"Eh, peintre! Ile nyumba ni ya bale. Unachora ya nini? Ao utapanda treni nabo?"

"Nachora tu nyumba," nilimjibu.

"Chora kwanza simba yako, ile mbuzi!"

Wakacheka, wakapita. Sikumwambia picha ni ya nani, wala sikumwambia aache fimbo. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nakuambia hivyo kwa sababu sitaki uende kuwasimulia watu kwamba baba yako alikuwa shujaa. Baba yako aliogopa, akachora.

Kila jioni niliuliza kama treni imefika. Siku ya kumi na mbili walisema mabehewa yameonekana. Rangi ya mlango ilikuwa haijakauka. Niliibeba picha ikiwa imenielekea tumboni, nikakimbia kutoka Kapata, na shati langu la buluu la siku ile lilibaki na doa la kijani mpaka lilipochakaa.

Stesheni ilikuwa imejaa watu, moshi na vikohozi. Niliwakuta chini ya turubai, karibu na reli. Mama Ngalula alikuwa amekonda. Tata Kazadi alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati, mikono kwenye magoti. Mke wake aliniambia chinichini kwamba tangu watoke Kapata hajazungumza, anajibu kwa kichwa tu. Nilimpa Mama Ngalula ile picha. Aliitazama. Alikwenda kumwekea mume wake magotini.

Tata Kazadi aliinamisha kichwa. Kidole chake, kile cha fundi, kikatembea juu ya picha bila kuigusa: bati jipya, mikebe, ukuta. Kikafika kwenye sementi mbele ya mlango, kikasimama juu ya ule mchirizi.

"Apa," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Apa mulango inakwama. Ukifungua, inasugua chini." Kidole chake kikaufuata mchirizi. "Nilisemaka nitaitengeneza dimanche, tukitoka misa."

"Dimanche gani?" Mama Ngalula aliuliza. "Miaka kumi na moja ya dimanche!"

"Nilikosa rabo ya kupunguza ubao."

"Rabo ilikuwa chini ya kitanda, Kazadi!"

Mama Ngalula akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka. Jirani wa turubai aliinuka kutazama, akasema ya kwake iko vile vile, kampuni ilipima milango yote vibaya. Mwingine akasogea, mwingine pia. "Kwa Kazadi kabisa! Tazama vitunguu vya mama!" Picha ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea alikuwa na jambo la kusema kuhusu mlango wake mwenyewe, au dirisha, au bomba lililovuja. Hakuna aliyesema picha ni nzuri. Walikuwa wanazungumza habari za nyumba.

Iliporudi, Tata Kazadi aliuliza nani ameichora. Mke wake alinionyesha kwa kidevu. Mzee alinitazama, akawaambia waliokuwa karibu, wala si mimi:

"Uyu anaonaka."

Kwamba huwa naona. Ni hilo tu. Kisha akaomba maji.

Nilitembea kurudi Kapata nikiwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena, hata siku ulipozaliwa, unisamehe. Niliona aibu kufurahi siku kama ile, wakati watu wanapandishwa kwenye mabehewa kama magunia. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Lakini furaha ilikuwepo, na sitakudanganya kwamba haikuwepo.

Treni iliondoka kesho yake. Baadaye nilipokaa Lubudi, niliwauliza watu wa reli, wakaniambia wengi waliteseka sana njiani na wengine walizikwa kandokando ya njia. Sikupata habari za Mama Ngalula na mume wake. Sijui kama picha ilifika Kasai au kama waliitumia kujikinga na mvua. Mfuko wa unga ni kitambaa kizuri. Kama waliwafunika nao watoto, sawa. Zile katoni za Dilala nilizikata nikaziweka ndani ya viatu vyangu vilivyotoboka, nikatembea nazo kwenda Likasi. Zilinifaa humo.

Tangu siku ile nimekataliwa mara nyingi kuliko zamani. Naandika vibao vya maduka, na unajua kwamba katika chumba changu kuna picha ambazo hakuna aliyeziomba. Lakini sijatumia tena katoni.

Basi nasaha yangu ni hii, Mwanangu. Wakikukataa, kwanza nenda ukatazame kama ulichowapelekea ulikitazama mwenyewe. Chora na kile usichokielewa, kama kipo. Yupo atakayekuja kukueleza. Akitokea mtu mmoja wa kukuomba, usimpe kilichobaki cha wengine. Na ukisifiwa kidogo, na mtu asiye na jina mjini, aliyeketi juu ya sanduku lake, usilipime neno lile na usiulize mbona halikuja kubwa zaidi. Lipokee, ulitunze, uende nalo kazini. Halitakulisha. Mimi limenitosha kusimama asubuhi.

Na kama mtu anafukuzwa mbele yako, sema neno, usichore tu. Hilo mimi sikuliweza.

Sasa geuza picha zako zitazame nje, nizione. Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono usiodanganya. Akupe nyumba ambayo hakuna atakayekutoa ndani yake. Na siku utakapomaliza kazi yako, akuletee mtu mmoja wa kuweka kidole juu yake na kusema: apa, apa ndipo mlango unapokwama.