Kura ya Seva Tatu

Nikisikia mtu anasema "mashine ilikosea", natamani kumtoa nje kwa kola ya shati. Mashine hufanya ilichoambiwa, na mara nyingi aliyeiambia alikuwa anamwogopa mkubwa fulani. Nalijua hilo kwa sababu mmoja wa waoga hao ni mimi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa kliniki yenye matawi mawili hapa Lubumbashi. Moja liko Kamalondo, katikati ya mafundi cherehani na baa, na jingine Golf, kwenye nyumba zenye kuta ndefu. Akiba yote ya damu ilikaa kwenye friji ya Golf, kwa kuwa huko kulikuwa na jenereta nzuri. Kamalondo wakihitaji mfuko, waliutenga kwenye kompyuta, na mtu wa pikipiki akaenda kuuchukua.

Ili mfuko mmoja usiahidiwe wagonjwa wawili, niliweka seva tatu: ya Kamalondo, ya Golf, na ya tatu ofisini kwangu mjini. Kila moja ilishika nakala ya daftari lile lile la damu. Kwenye kila seva zilikuwepo programu ndogo ndogo ambazo mimi naziita vibarua: mmoja anatenga mfuko, mwingine anachapa karatasi, mwingine anamwita mtu wa pikipiki. Kibarua hana akili. Mpe daftari la jana, atalisoma na kuapa kwamba ni la leo. Kwa hiyo ilikuwepo itifaki ya kuwaweka sawa. Seva zilipiga kura kumchagua kiongozi, na hakuna neno lililoandikwa mpaka mbili kati ya tatu zikubaliane. Seva iliyobaki peke yake ilinyamaza. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno, na kwa muda mrefu halikuharibika.

Kisha mkurugenzi akataka kujua ni seva ipi iliyo chef, yaani mkubwa wa nyingine. Nikamjibu kwa furaha, mjinga mimi, kwamba wiki ile ilikuwa ya Kamalondo. Uso ukamkunjamana. Ofisi yake ilikuwa Golf, na yeye na daktari wa Kamalondo walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Nilimweleza kwamba huo si ukubwa, kwamba seva huachiana zamu kufuatana na ipi inasikika na wenzake, na kesho inaweza kuwa nyingine. Ni kama nilikuwa nauambia ukuta.

"Kamalondo haiwezi kuamuru Golf," alisema. "Chef iko mumoja, na iko hapa. Ile mambo ya kura, uitoshe."

Zaidi ya kuiondoa kura, akataka mtandao ukikatika, Kamalondo isisimame, maana wauguzi walikuwa wanalalamika. Hayo mawili hayaendi pamoja, maana kila daftari lingeandika lake, na mimi nilijua hayaendi pamoja. Niliketi, nikaifuta kura kwa mistari minne ya programu. Golf ikawa chef wa kudumu. Vibarua wa Kamalondo nikawaruhusu waendelee na nakala waliyo nayo, kisha waiarifu Golf mtandao ukirudi. Nilikunywa chai, nikaenda nyumbani.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja wachimba mtaro walikata waya wa mtandao huko Golf. Kwa itifaki ya zamani, Golf ingenyamaza, na Kamalondo na mjini zingeamua. Lakini sasa ilikuwa chef, na chef hanyamazi. Ikautenga mfuko wa mwisho wa O hasi kwa mgonjwa wa upasuaji uliopangwa, kwa tahadhari tu. Mfuko wenyewe haukutumika.

Saa hiyo hiyo, Kamalondo, mama mmoja aliyetoka Mitwaba kuja kujifungulia kwa ndugu zake alikuwa anatokwa na damu. Kwetu familia haingoji kuombwa damu. Kaka zake watatu na mumewe walikuwa wamesimama kwenye korido, mikono ya mashati imekunjwa, na wawili kati ya kaka hao walishapimwa na kukutwa na damu ya kundi lake. Muuguzi akatazama kompyuta. Ikamwambia mfuko ule ule wa O hasi upo, umetengwa, pikipiki imeitwa. Akawaambia wale kaka waende kazini, hakuna haja ya kumtoboa mtu bure. Simlaumu hata kidogo. Aliniamini mimi.

Pikipiki ilirudi mikono mitupu, maana kompyuta ya Golf ilisema mfuko ni wa mgonjwa wake. Walipoanza kuwatafuta kaka, mmoja alishafika shambani nje ya mji, na mwingine simu yake haikupatikana. Mama yule alikufa kabla ya saa nane. Mtoto akaishi.

Kesho yake mkurugenzi aliniletea ripoti niweke sahihi. Iliandikwa "panne ya mashine", yaani hitilafu. Niliivuta kwa hasira mpaka karatasi ikachanika kona. Nikachapa ile mistari minne, nikaiweka juu ya meza yake, nikamwambia panne ndiyo hii: amri ni yako, mkono ni wangu, na mashine haina neno hapa. Hakuitazama. Aliniambia nifikirie kazi yangu. Nikaiacha kazi yake palepale, na sikujisikia shujaa, kwa sababu hasira ile ingefaa siku ya mistari minne.

Nikaenda Kamalondo kwenye kilio. Mume alikuwa ameketi uani na wale kaka. Nikamweleza yote: kwamba daftari moja lilisema mfuko upo na lingine lilisema umechukuliwa, kwamba ilikuwepo njia ya kuzuia hilo, na kwamba niliyeiondoa ni mimi. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

"Mama," aliniambia polepole, "shiye tulikuwaka pale bantu bane, mikono inje. Muliturudisha."

Nikawahesabu pale uani: watu wanne. Kaka mkubwa alisogeza kiti chake ili nipate pa kukaa, na kwenye kidole chake bado kulikuwa na plasta ndogo, pale walipomtoboa kumpima.