Safari ya Granada Tuliyoifanya Siri

Mdogo wangu ndiye aliyetaka iwe siri. "Usimwambie mtu, dada, hata mama. Watu wana jicho la husuda. Tutasema tukishafika." Ndivyo tulivyolelewa: mimba, nyumba mpya, safari, vyote hufichwa mpaka vitimie. Basi mwaka mzima nikafunga mdomo. Kila Alhamisi nikitoka kazini nilikwenda kwake, mtaa wa Al Khoudh, tukafunga mlango wa sebule, tukaipanga Granada.

Ulaya nilikuwa sijafika. Tangu mume aniache, sikuwa na jambo jingine la kulingojea. Nilijua tiketi za lile kasri la wafalme wa Kiislamu wa zamani hukatwa miezi kabla, kwa saa maalumu na namba ya pasipoti. Nilijua mtaa upi una ngazi nyingi kwa magoti yangu, na mkahawa gani una nyama ya halali. Nikaandika yote daftarini, naye akayapiga picha kwa simu. Nikadhani ameupenda mwandiko wangu, mjinga mimi.

Kisha akasema tuahirishe, watoto wana mitihani. Sawa, subira huvuta heri.

Baada ya Idi, nikichagua mihogo dukani mtaa wa Mawaleh, nikakutana na dada wa mumewe. Akanikumbatia. "Ahsante kwa daftari lako, bibie! Tumetembea Granada kama tumezaliwa huko."

Walikwenda watu wanane pamoja na mdogo wangu, wa ukweni kwake watupu. Nilicheka naye, sijui nilichekaje. Mihogo nikaiacha pale pale.

Nikaendesha gari moja kwa moja hadi kwa mdogo wangu. Hakukana. Alinikaribisha kahawa, nikakataa kuvua viatu.

"Kama hunitaki, ungeniambia."

"Wallahi nnakupenda, dada. Lakini mie nna mume, nna watoto, na wewe uko peke yako, una majonzi. Nliogopa."

"Uliogopa nini?"

Akaanza kuvipanga upya vikombe vya kahawa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na machoni pake mdudu mwenyewe ndiye mimi. Niliumwa na hilo kuliko safari.

Binti yake mdogo akaja mbio akanirukia. Ni mimi niliyemwogesha siku zote arubaini za uzazi, mamake hajiwezi. Nikamwinua, nikambusu, nikasema, lo, umekuwa mzuri.

"Sema mashaallah, dada," mdogo wangu akasema haraka, mkono ameshaunyoosha kumchukua mwanawe.

Nikasema mashaallah, nikampa.