Muhtasari wa Usaili wa Amos

Yunis Masatu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuandika. Miaka kumi na tisa ya ukarani wa mahakama ilimfundisha kwamba neno likishatamkwa mbele ya kikao, ni mali ya kikao. Alipostaafu, timu moja ya mpira pale Musoma ilimchukua awe katibu wake, na wachezaji wakawa wanasema kwamba ukipiga chafya mbele ya Mama Clever, kama walivyomwita, chafya yako utaikuta kwenye muhtasari. Wenyewe walikuwa wanamcheka. Yeye alilichukua hilo kuwa sifa.

Msimu huu timu ilibaki bila kocha mkuu. Yalikuja majina kumi na mawili, yakachujwa mpaka yakabaki mawili. La kwanza ni Faustine, kijana wa Bunda mwenye vyeti vyake na kompyuta ya mkononi. La pili ni Amos wa Butiama, kocha msaidizi wa timu hiyohiyo kwa miaka tisa. Yunis alimtaka Amos na wala hakuficha. Faustine alijua mipira mingapi inapotea katikati ya uwanja, na si jambo dogo hilo. Lakini Amos alijua ni beki gani ana mama mgonjwa kijijini Suguti, na ni nani akigombezwa mbele ya wenzake mchezo unamtoka wiki nzima. Tena Amos alikuwa na miaka hamsini na sita. Asipoipata kazi safari hii, hapati tena.

Usaili ulifanyika mtaa wa Mukendo, palepale Musoma, mbele ya kamati ya watu watano. Faustine alitangulia, akajibu vizuri, akatoka. Akaingia Amos. Sasa hapa lazima ijulikane kwamba ukoo wa Amos na ukoo wa mwenyekiti wa timu, mzee Mwikwabe, ni watani tangu enzi za mababu. Hao wawili wakikutana hata msibani hutukanana mpaka wafiwa wenyewe wacheke.

“Mwizi umefika,” Mwikwabe akaanza. “Hebu tuambie, hizi mechi umeuzaga ngapi mpaka leo?”

“Zote tulizofungwa,” Amos akajibu bila kupepesa macho. “Kwani zile ng'ombe za kuolea dada zenu mlifikiri natoaga wapi?”

Kamati ilicheka mpaka mmoja akatafuta leso. Yunis naye alicheka, na huku anacheka mkono wake unaandika. Swali, umeuza mechi ngapi? Jibu, zote tulizofungwa. Baada ya hapo wakazungumza mpira kwa saa nzima, na kura zikawa nne kwa moja, Amos ameshinda. Yunis akauchapa muhtasari vizuri, Mwikwabe akausaini bila kuusoma, kama kawaida yake, ukapelekwa Bunda kwa mfadhili mwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kwa mkataba, kocha haajiriwi mpaka mfadhili aridhie.

Wiki iliyofuata Yunis akaitwa Bunda. Aliyempokea ni Jeska, mwakilishi wa mfadhili, dada mpole aliyehamia kutoka Dar es Salaam. Laiti angekuwa mkorofi, Yunis angepata pa kumalizia hasira zake.

“Mama, nimeusoma mara tatu,” alisema Jeska. “Mtu anaulizwa kuhusu kuuza mechi, anakiri, halafu mnampa kura nne.”

“Hao ni watani, mwanangu. Huku tunataniaga hivyo hata kwenye msiba.”

“Mimi nakuamini. Bosi anaamini karatasi. Nileteeni barua kwamba ule ulikuwa utani, mmesaini wote wawili, wewe na mwenyekiti. Mwisho Ijumaa. Ila nisikufiche, atauliza ni mwenyekiti gani anafanya utani kwenye usaili.”

Yunis alirudi Musoma. Aliiandika barua siku hiyohiyo, akaweka sahihi yake, akaipeleka nyumbani kwa Mwikwabe. Safari hii mzee alisoma. Alisoma mpaka mwisho, akaanza tena juu.

“Mama Clever, nikisaini hii nimejifukuza mwenyewe.”

“Usiposaini umemfukuza Amos. Na jina lake nani ataliosha?”

“Kwani aliyeandika ni mimi?”

Yunis aliichukua barua yake. Alimwona mzee yule ni mwoga, na mwoga kweli alikuwa, lakini neno lake lilikuwa la haki na lilimchoma. Alirudi kwake, akaufungua muhtasari, akausoma upya. Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Ijumaa barua ilikwenda Bunda na sahihi moja. Jumamosi Faustine akapewa kazi, na kwenye magrupu ya mashabiki tayari watu walikuwa wanaulizana kama ni kweli Amos alikuwa anauza mechi. Mwikwabe akampigia Yunis simu, akasema twende wote Butiama tukamwambie wenyewe. Aibu nayo ina nguvu zake, ila kwake ilichelewa kufika.

Walimkuta Amos uani anafunga uzi kwenye mpira uliofumuka. Hakuwa amesikia lolote. Alipomwona Mwikwabe akaangua kicheko.

“Ghati, ficha sufuria! Yule mla vya watu kaingia!”

Mke wake, Ghati, akacheka huko jikoni. Desturi ni kwamba Mwikwabe, ambaye nyumba hii haijawahi kumwita mgeni, angepitiliza hadi kwenye sufuria, afunue mfuniko, aanze kulalamika kwamba mboga haina chumvi. Yunis alisubiri. Aliomba moyoni mzee ajibu, hata kwa tusi moja.

“Habari za hapa, mwalimu,” alisema Mwikwabe, macho chini.

Amos aliacha uzi. Alimtazama Mwikwabe, kisha akamtazama Yunis, na mkoba wa makaratasi aliokuwa ameukumbatia.

“Mmempa Faustine,” akasema.

“Niliandika ule utani wenu,” Yunis akasema. “Niliuandika kama ulivyotamkwa. Nisamehe, Amos.”

Amos alinyoosha mkono, akapewa muhtasari, akasoma. Hakugomba. Aliukunja taratibu akamrudishia.

“Ni maneno yangu,” alisema.

Kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia alete viti, wageni wamefika.