Usinunue Iafoni kwa Kiapo

Wewe unayesoma, nakuchukulia kama jirani ninayeweza kumwachia mtoto na ufunguo wa nyumba, nikaenda zangu Ukunda na moyo umetulia. Kwa hivyo sitakuzungusha. Hizi iafoni za kutia ndani ya sikio, zinazouzwa rahisi kila kona, mimi nazishuku. Sisemi usinunue. Nyumbani kwangu zipo, na mimi mwenyewe nikikuna nazi huwa nimetia moja sikioni nasikiliza kasida zangu. Nasema anayekuuzia mshuku, boksi lake lishuku, na sikio lako mwenyewe ulishuku kidogo. Sababu utaiona.

Kuna siku moja mpaka leo haijanitoka kichwani. Nilikuwa mwari, kwetu Msambweni, harusi yangu imekaribia. Naolewa Majoreni, kwa watu ambao sikuwajua zaidi ya salamu. Mume mtarajiwa nilikuwa nimemwona mara chache tu, tena mbele za wazee, na mbele za wazee, mwanangu, hata paka mwizi hukaa kwa adabu. Nilikuwa na hofu. Usinicheke. Bi harusi asiye na hofu ni yule ambaye hajafikiri.

Kitu kimoja nilikitaka kupita nguo na dhahabu: siku ya kupambwa niimbiwe wimbo wa bibi yangu, Bi Mwanahalima, mamake baba. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatoa mabinti wa ukoo wetu kwa wimbo huo, wanawake peke yao, matari yakilia. Wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wimbo wote hakuna aliyeujua, kwa sababu wenzake kazi yao ilikuwa kuitikia. Uliobaki ulikuwa kwenye kaseti ya harusi ya zamani, nayo ilikuwa imehamishwa kwenye kadi ya simu ya shangazi yangu, Mwanatumu. Shangazi ndiye angeimba badala yake.

Lakini ukiufungulia kwa sauti ya simu yenyewe, wasikia matari na vigelegele tu, na bibi yuko mbali kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya shamba. Shangazi alikaa na simu ile shavuni mpaka shavu likapata moto.

"Beti nyingine nimezipata," akaniambia. "Ile ya mwisho inanikimbia. Na nikiikosa, mwanangu, siimbi. Wimbo wa mamangu sitautoa mbele za watu ukiwa na pengo."

Ndipo jirani mmoja akasema tutafute iafoni, zile za kuziba sikio, huenda maneno yakasikika. Tukajitanda leso zetu, tukaenda Ukunda.

Dukani tulimkuta kijana, tumwite Bakari. Kofia nyeupe imepigwa pasi, ulimi mtamu, tasbihi imening'inia kando ya vioo vya simu. Nilimpenda palepale. Nilijiambia, hapa tumefika kwa mtu wa dini.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Nataka iafoni za bei yetu sisi."

"Umefika nyumbani. Hizi hapa ndizo watu wote wanazozililia. Besi yake, Bi mkubwa, kifua kinatikisika!"

"Kifua changu kitulie. Leo nimeleta masikio."

Boksi lilikuwa jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Mimi siku hizo nilikuwa nimeanza darasa la jioni, lile la watu wazima, na mtu aliyejua kusoma ukubwani husoma hata karatasi ya sabuni. Nikalisoma boksi kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa fahari.

"Shangazi, wameandika hizi ndizo bora duniani."

"Nani kaandika?"

"Wenyewe waliozitengeneza."

"Basi na mimi kesho nitaandika mlangoni kwangu kwamba ni msichana."

Bakari alicheka mpaka akashika meza. Lakini Shangazi hakucheka. Alisema, "Nyumba njema si mlango. Fungua tuingie ndani."

Bakari akafungua, akazichomeka kwenye simu yake mwenyewe, akaweka wimbo wake mwenyewe, na sauti akaipandisha juu kabisa. Mimi nilijaribu kwanza. Mwanangu, nilidhani ngoma imehamia kichwani mwangu! Nikamwambia Shangazi, "Hizi hizi, tusitafute tena." Yeye akatia, akasikiliza kidogo, akatoa.

"Wimbo huu siujui," akamwambia Bakari. "Nitajuaje kilichopungua kwenye mchuzi ambao sijawahi kuupika? Nitafungua wangu. Na sauti ishushe."

"Bi mkubwa, ukishusha utaonaje nguvu zake?"

"Nguvu nitaziona vivyo hivyo. Debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nataka kujua ndani mna nini likinyamaza."

Hapo ndipo Bakari alipoinua kidole. "Wallahi, Bi mkubwa, Mungu ni shahidi yangu, hizi ni asili, na zaidi ya hizi hupati pwani yote."

Sasa wewe uliyelelewa kwetu unajua. Mtu akishaapa, mazungumzo yamekwisha. Ukiendelea kukagua ni kama unamwambia usoni kwamba ni mwongo, tena mwongo wa jina la Mungu. Sisi tumelelewa tuone haya, tutoe pesa, twende zetu. Wageni kutoka bara huendelea kugeuzageuza kitu kama hawajasikia, nasi huwaona hawana adabu. Uso ulinishuka. Nikamvuta Shangazi leso, nikamnong'oneza, "Shangazi, ameshaapa. Tulipe basi, tusimvunjie heshima."

Akanigeukia. Hakunong'ona yeye.

"Mwari, na huko Majoreni pia utanyamaza hivi hivi kila mtu akishaapa?"

Nikaiachia leso yake.

"Jina la Mungu nalitukuza," akaendelea, taratibu, kama anayechambua mchele. "Kwa sababu nalitukuza, sitaliacha lisimame shahidi wa waya. Chuoni, madrasani, tulifundishwa kwamba kiapo kinaweza kuuza bidhaa lakini kikaondoa baraka. Sasa mimi nikimkagua Bakari ninamwokoa. Kama amesema kweli, sikio langu litamshuhudia. Kama amekosea, tutakuwa tumejua mapema kabla hajanidhulumu. Baba Bakari, nimekosea?"

Bakari akajikuna chini ya kofia. "Hujakosea, Bi mkubwa. Ila leo jua litatuchwea hapa. Unachagua iafoni ama unachagua mchumba?"

"Mchumba ningemwangalia na meno."

Shangazi akachomeka iafoni kwenye simu yake, akaufungua wimbo wa bibi. Nami akanipa sikio moja. Wallahi... ona, na mimi naapa! Niseme tu nilisikitika. Ile besi niliyoipenda ilifunika kila kitu. Matari yalikuwa makubwa kama mapipa, na bibi ndani yake amezama. Ilikuwa kama mchuzi uliotiwa mafuta mengi, ukitafuta samaki huoni ila mafuta. Ikatolewa nyingine, ikalia kama kinanda cha bati. Nyingine ilisikika upande mmoja tu, na Bakari akasema ni kawaida, itafunguka ikizoea. Shangazi akamwuliza kama na yeye alizaliwa akisikia sikio moja, la pili likafunguka akizoea.

Mwisho akaona pea imening'inia kwenye msumari, nyeusi, haina boksi, haina jina. Bakari akasema hizo ni za kufanyia majaribio simu, si za mteja wa heshima. Shangazi akaziomba. Zilikuja na vipira vya aina mbili. Vikubwa vikamtoka, vidogo vikakaa na sikio likazibika vizuri. Akashika waya pale unapoingia kwenye kipini cha kuchomeka, akaupinda huku na huku wimbo ukiendelea, akisikiliza kama unakatika. Haukukatika. Akafunga macho. Akarudisha wimbo nyuma, akasikiliza tena, midomo ikimcheza.

Nikajua amempata mamake. Mtu hafundishwi uso ule.

"Nachukua hizi," akasema.

Sikiliza sasa mwanangu, hapa ndipo pa kushuku hasa. Bakari akasema, "Vyema, Bi mkubwa, ngoja nikufungie," akainama chini ya meza, akainuka na pea nyingine ndani ya mfuko uliobanwa. "Hizi hapa, ni zile zile, tena mpya."

"Nipe zilizoingia masikioni mwangu."

"Zile zimetumika, zina nta za watu!"

"Nta sasa ni yangu."

"Bi mkubwa, Wallahi ni zile zile."

"Basi kama ni zile zile, wewe hupotezi kitu ukinipa hizi."

Kijana akaurudisha mfuko chini ya meza. Sijui mpaka leo kama za mfukoni zilikuwa mbovu. Mungu ndiye ajuaye, na mimi sipendi kumsingizia mtu. Lakini najua kwamba alikuwa na haraka ya kuzirudisha msumarini zile tulizozijaribu, na kwamba Shangazi alipozishika hakuziachia. Tulimlipa tukaagana vizuri, naye akaniombea ndoa ya kheri. Biashara haigombi.

Siku ya kupambwa ilifika. Baada ya alasiri wanawake walijaa uani kwetu, wa kwetu upande huu, wa Majoreni upande ule, mama mkwe wangu mtarajiwa mbele kabisa, mtu mzima, amejitanda, uso hausomeki. Mimi nimefunikwa. Shangazi akaanza. Beti zikapita, matari yakaitikia. Alipokaribia mwisho, wapigaji wakaanza kuchapa kwa nguvu na vigelegele vikapanda, kama ilivyokuwa desturi. Shangazi akainua mkono. Matari yakanyamaza. Vigelegele vikakatika. Uani pakawa kimya, akaimba peke yake ubeti wa bibi:

Nenda mwanangu kakae, kwa mumeo kwa amani,
Ukilizwa usikae, njoo ulale nyumbani.

Hapo nikaelewa kwa nini miaka yote ubeti ule ulipigiwa matari kwa nguvu. Wa kwetu waliona haya wakwe wasije wakasikia. Walimfunika bibi kwa heshima, mpaka binti mwenyewe aliyekuwa akiimbiwa hakujua ameambiwa nini. Wangapi wa ukoo wetu walienda wakalizwa wakakaa, kwa kudhani mlango wa kwao umefungwa?

 Wanawake wa Majoreni walitazamana. Nilidhani harusi imevunjika. Kisha mama mkwe wangu akajiweka sawa leso yake, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Tumesikia. Mwenye mwana amesema mlango wake u wazi. Na sisi tutaishi na mwana wao kama watu tuliosikia."

Nililia, wanja wote ukashuka, wakanipamba upya. Na mama yule, mwanangu, nimeishi naye mpaka alipofariki. Siku tulizokwaruzana zilikuwepo, nyumba gani haina vyombo vya kugongana? Lakini mwanawe akipandisha sauti, yeye alimwambia, "Taratibu. Huyu ana kwao. Mimi nilikuwepo, nilisikia."

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na ni ya iafoni kweli, usiigeuze fumbo ikapotea. Ukienda kununua za rahisi, nenda na simu yako na wimbo unaoujua mpaka pumzi ya mwimbaji. Shusha sauti, maana kila kitu kikipigwa juu huonekana kizuri. Ukiwa mtu wa maneno, wa kasida na taarabu, anayekusifia besi mwambie akamtafute mwingine. Jaribu masikio yote mawili. Kipira kisichokaa sikioni mwako kitakufanya uilaumu iafoni bure, halafu upandishe sauti mpaka ujiumize, badilisha kwanza. Pinda waya penye kipini, hapo ndipo hufia. Hizi za siku hizi zisizo na waya, ulizia chaji, na uzitie zote mbili uzunguke nazo duka zima, usione haya. Na uliyoijaribu ndiyo uondoke nayo mkononi. Barabarani acha sikio moja wazi. Bodaboda za Ukunda hazisubiri wimbo uishe.

Na mtu akiapa, mwitikie kwa adabu, kisha kagua. Adabu haikufungi masikio. Hata akija kukuposa.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio linalotambua, ulimi usioona haya kuuliza haki yake, na mlango ulio wazi nyuma yako popote utakapoolewa au kuoa. Amina. Nawe usiyabane haya peke yako: msimulie dada yako, msimulie na yule binti wa jirani anayekwenda dukani kesho, na ukimwona kijana wa dukani mwenye ulimi mtamu, hata yeye msimulie.