Sikio Nililolijenga Ukutani

Hili jambo sipendi kulisimulia, lakini kwa kuwa Tangini nzima ililisikia, tena kwa sauti kubwa kuliko ya adhana, kulificha ni kujisumbua tu. Bora mniulize mwenyewe, maana wengine wanalitia chumvi (na chumvi yenyewe wala haihitajiki).

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa fundi redio, na nilikuwa na wivu. Sisemi wivu wa kawaida, nasema wivu wa kumuuliza mtu kwa nini amejipaka mafuta ya nazi siku ya Jumanne. Mke wangu Zaituni, mtu wa Kurui, alishanikimbia mara moja tukiwa bado Kisarawe kwa sababu hiyo hiyo, na baba yake mkubwa, mzee Mwinyimvua, aliponirudishia aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, safari hii nakupa. Akirudi hapa tena analia, usimfuate." Nikaapa kwamba wivu basi. Tukahamia Kibaha, mtaa wa Tangini, nikapata kiwanja, nikaanza nyumba ya matofali ya saruji, nikasema hapa tunaanza upya.

Mambo yakaharibika wakati wa kupiga lipu. Fundi lipu aliitwa Shabani, kijana mrefu, meno meupe, anaimba huku anafanya kazi, na bahati mbaya naye ni wa Kurui, amekua kijiji kimoja na Zaituni. Wakikutana ni habari za nyumbani, fulani kaoa, fulani kahama, wanacheka, na mimi mwenye nyumba nimesimama pale sina la kuchangia. Halafu chai. Sukari wakati ule tuliipangia foleni duka la ushirika, mpanga foleni ni mimi, lakini Shabani anatiliwa vijiko viwili na mimi kimoja. Niliviona kwa macho yangu, na viliniuma, siwafichi.

Sasa mjue kwamba spika ndogo ya redio, ukiiunganisha kinyume, badala ya kusema inasikia. Nikachora ramani ya nyumba kwenye karatasi ya sukari (hiyo hiyo sukari): spika moja sebuleni nyuma ya kalenda, nyingine karibu na jiko la uani, ya tatu ubavuni mwa mlango wa mbele. Chumbani sikuweka, chumbani nipo mwenyewe, nasikia kwa masikio yangu. Nyaya zote zipite ukutani chini ya lipu, zitokee kwenye kibanda changu cha ufundi nje, ziingie kwenye amplifaya, na mimi nimevaa hedifoni nasikiliza. Zaituni nilimwambia ni kengele ya wezi. Shabani alizitazama zile spika, akaniuliza taratibu, "Kaka, kengele ya wezi mbona inatazama ndani?" Nikamwambia yeye apige lipu.

Basi tukahamia, na mwezi mzima nikasikiliza. Nilichosikia ni ufagio, mwiko wa ugali, Zaituni anafukuza kuku, na Shabani anapita kusalimia, anakunywa maji, anaondoka. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nikasema hawa wanaongea kwa ishara.

Ikafika siku ya maulidi, ya mchana, kwenye uwanja wa msikiti, ambao umepakana na kibanda changu. Wazee wakaniomba amplifaya na spika zangu mbili za bomba, zile za mdomo mpana za kutangazia. Kwa kuwa betri yake ya gari ilikuwa nzito, niliiacha amplifaya kibandani nikavuta waya tu mpaka uwanjani. Wageni walitoka mbali, hata mzee Mwinyimvua alikuja kutoka Kurui na kanzu yake mpya. Ukafika wakati wa pilau, msomaji akaweka kipaza sauti chini, na mimi kibandani nikamwona Shabani anaingia nyumbani kwangu amebeba kitu kimefunikwa gunia. Zawadi, nikajua.

Nikageuza swichi kwenye spika ya sebuleni, nikachomeka hedifoni (ile amplifaya niliitengeneza hivi: ukichomeka hedifoni mabomba yananyamaza, ukichomoa yanafunguka yenyewe, na ufundi huo nilikuwa najivunia sana). Nikasikia kwaru, kwaru, kisha sauti ya Zaituni, chini chini: "Fanya upesi, mwenyewe yuko kwenye maulidi."

Nilitoka mle kibandani na hedifoni bado kichwani, waya unaburuzika nyuma yangu. Sikukumbuka waya, sikukumbuka bomba, sikukumbuka kiapo.

Nikamkuta Shabani amepanda kigoda, mwiko wa lipu mkononi, karai la saruji chini, anaziba tundu la ile spika nyuma ya kalenda. Mwenye akili angeelewa hapo hapo. Mimi nikafungua mdomo. Nikasema nimewasikia, mwezi mzima nawasikia, nikamuuliza Zaituni vijiko viwili vya nini, mimi mbona kimoja, na fulana yangu mbona haijafuliwa tangu Ijumaa. Shabani akawa ananipungia mkono ninyamaze, nikazidi: "Redio za watu nimezilaza zote, nawadanganya vipuri havijafika kutoka Dar, kumbe nakesha hapo kibandani nakusikiliza wewe!" Halafu nikalia. Ndiyo, nililia.

Zaituni alikwenda pale ukutani, akasogeza kalenda, akasogeza mdomo kwenye lile tundu lililobaki nusu, akasema kwa adabu, "Wazee wangu, shikamooni."

Na kutoka uwanjani, watu wote na sahani zao mkononi wakaitika, "Marahabaa."

Nikakaa, kumbe juu ya karai la saruji, na saruji ilikuwa mbichi.

"Mmesikia wenyewe," akaendelea. "Hili sikio nimelijua tangu siku ya lipu, nikanyamaza nikidhani atachoka. Leo nilitaka lizibwe bila ya kumwaibisha. Baba mkubwa, ukimaliza pilau usiondoke, nakuja."

Akatoka na kanga mbili. Mimi nikapita uani, suruali nyuma imeganda saruji, na wenye redio zao walishafika kibandani, wanazibeba wenyewe.

Watu walipoondoka nilirudi kibandani, na kwa mazoea nikachomeka hedifoni. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia kuku ameingia sebuleni, anatembea, hakuna wa kumfukuza. Nikakaa nikamsikiliza yule kuku mpaka betri ikaisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba zile fagio na miko nilizokuwa nazisikia mwezi mzima ndiyo ilikuwa ndoa yangu, nilikuwa nayo, na mimi natafuta nyingine ndani yake.

Nilikatazwa kumfuata, nikamfuata. Mzee Mwinyimvua alinikalisha barazani siku mbili, ya tatu Zaituni akatoka na sharti moja: nyaya nizing'oe mwenyewe, na matundu niyapige lipu mwenyewe, Shabani akiwa amekaa anakunywa chai. Nilipiga. Chai nilimtilia mimi, vijiko viwili.

Lipu yangu ilitoka imepinda, mpaka leo inaonekana, na Zaituni hataki ipakwe chokaa. Wivu siwadanganyi haujaisha, bado Jumanne nikinusa mafuta ya nazi kifua kinapanda. Ila sasa natazama ule ukuta, nanyamaza, na naenda kufukuza kuku.