Kidonda Kilipofunga

Mafuta ya kokwa za ngazi, ndiyo michikichi, yakipashwa moto hutoa harufu nzito, kama ya karanga zilizoungua kidogo, na harufu hiyo hukaa kooni hata ukitoka nje. Hapa Kamina bado tunawapaka watoto wachanga mafuta hayo, na kina mama wengi wakiinusa hutabasamu. Mimi hufunga dirisha. Jirani yangu mmoja aliwahi kuninunia akidhani namdharau mjukuu wake, ikabidi nimkaribishe ndani nimweleze, na leo nawaeleza na ninyi, maana si habari ya kusimuliwa dirishani huku mkono uko kwenye komeo.

Mdogo wangu wa kike, Mado, alikuwa bado hajaanza shule. Mimi nilikuwa wa umri wa kuchota maji na kulaumiwa kwa kila kilichovunjika. Ilikuwa kiangazi, zile asubuhi za Kamina ambazo vumbi lenyewe ni baridi, na Mama alikuwa uani akisonga bukari, ugali wetu, kwenye jiko la mbabula. Mado alimkimbiza kuku, akajikwaa kwenye kuni, na mkono wake wa kuume ukazama ndani ya sufuria mpaka kwenye kifundo.

Bukari si maji. Maji ya moto hukuunguza yakaenda zake, bukari hushika. Mado hakulia mara moja. Alitazama mkono wake uliovaa glavu nyeupe inayotoa moshi, kana kwamba ni wa mtu mwingine, na ni Mama alipoibandua ile bukari ndipo ngozi ikafuata na kilio kikaanza.

Majirani walijaa. Mama Kyungu wa nyumba ya pili, aliyekuwa mwepesi wa mguu na wa ulimi, alikuja na yai bichi. Mwingine alileta dawa ya meno, mwingine chumvi, mwingine mawese. Ungedhani wanataka kuupika ule mkono mara ya pili. Baba alipofika kutoka shuleni kwake, ambako alikuwa mwalimu, aliosha vyote kwa maji baridi, akampakia Mado kwenye baiskeli mpaka zahanati. Walimsafisha, wakatupatia pomada ya kupaka na bendeji, wakasema kidonda kiwe safi wakati wote.

Mkono ulivimba. Vifundo vya vidole vilitoweka, ngozi iliyobaki ikawa nyekundu na yenye kung'aa, na wekundu ule ukapanda mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa nikiweka kiganja changu juu yake bila kuugusa, na joto lilinifikia. Maji ya rangi ya chai nyepesi yalichuruzika yakalowesha kila kitambaa. Tuliogopa sana siku zile. Mama alikuwa akiingia chumbani na kutoka, akiingia na kutoka, na Baba alinyoa ndevu nusu akasahau nusu nyingine, akaenda kufundisha hivyo hivyo.

Halafu uvimbe ukashuka. Chini ya utando wa njano ikatokea nyama mpya, nyekundu, mbichi, yenye vichembe vidogo vidogo, na pembeni yake ngozi changa ya waridi ikaanza kutambaa kuingia ndani. Mama alipiga magoti palepale uani. Baba, ambaye alipenda methali kama wenzake wanavyopenda tumbaku, alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba ufa huu, Mungu asifiwe, unajiziba wenyewe. Hakuna aliyeona kwamba Mado alikuwa hafungui tena mkono. Ulimuuma akiunyoosha, ulitulia akiukunja, basi Mama alimfunga bendeji ukiwa umekunjwa ili apate raha.

Ndipo akaja Tante Numbi. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, ndiyo maana wazazi wetu walimwita Yaya, anayekausha samaki kule Kinkondja, na alifika juu ya lori akiwa na vikapu vyake. Sisi watoto tulimwogopa. Alipokuwa msichana aliangukia moto wa kukaushia samaki, na tangu hapo ngozi kutoka sikioni hadi kifuani ilikuwa imejikaza kama kamba, ikamvuta kidevu mpaka begani. Ili akuone ilibidi ageuze mwili mzima. Alikuwa akikutazama kwa chini, kwa upande, na hukujua kama amefurahi au amekasirika.

Alifungua bendeji ya Mado, akatazama kwa muda mrefu. Tulikula, yeye hakula.

"Vidole iko inakunjama," alisema mwishowe.

"Iko anaikunja juu inamuuma, Yaya," Baba alimjibu kwa heshima. "Lakini kidonda iko inafunga bien."

"Ile njo naogopa. Iko inafunga." Akageuza mwili wote kumwelekea Mama. "Moto haiyatoka. Iko mu ndani, iko inavuta. Mie ilinivuta vile vile, bantu bakasema nimepona. Balichinja na kuku."

Baba, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa watu moto ni nini na hewa ni nini, alicheka kidogo kwa adabu. Mama hakucheka.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi, Tante Numbi alipasha mafuta ya kokwa kwenye kijiko cha bati, akamkalisha Mado katikati ya magoti yake, akambana, akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja. Ngozi changa ilipasuka. Damu ilitoka kwenye mikunjo. Alipomaliza aliweka vipande vya kitambaa kati ya kidole na kidole, akaufunga mkono ukiwa wazi juu ya kibao. Sitawaeleza kilio. Nitasema tu kwamba mimi, mvivu wa kuchota maji niliyejulikana mtaa mzima, nilianza kwenda bombani kabla sijatumwa, na bombani waliniuliza, "Kwenu banachinja muntu?" Tante mwenyewe alitokwa jasho katika baridi ile. Uso wake ulikuwa umeinama siku zote, kwa hiyo sikujua kama alikuwa analia.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kama unavyomchukia mbwa aliyekuuma.

Mama Kyungu ndiye aliyelisema lile ambalo mtaa ulikuwa unalitafuna. Alikuja na bakuli la unga, akakaa na Mama kwenye mkeka, akateremsha sauti, lakini sauti ya Mama Kyungu hata ikiteremka ilifika barabarani.

"Uangalie muzuri, mama. Mungu anafunga, yeye anafungua. Kila siku. Juu ya nini? Shingo yake unaiona? Muntu vile hapendi kubakia peke yake. Anataka mutoto naye akuwe kama yeye."

Mama alisema hapana, Yaya ni mtu wa Mungu. Lakini nilimwona siku hiyo akiuosha ule mkono mara mbili, na alipokuwa akimpa Tante chakula hakumtazama. Neno likishaingia nyumbani halihitaji kitanda. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema bombani, wakinitazama mimi ili nilifikishe. Nami nilianza kukihesabu kivuli cha Tante kuwa kirefu kuliko vya watu wengine.

Asubuhi moja damu ilitoka nyingi kidogo. Mama alitoka jikoni mbio, akamnyakua Mado kutoka magotini.

"Yaya, acha basi! Mutoto iko anakufa mu mikono yako!"

Tante Numbi hakubishana. Aliifuta mikono yake kwenye kikwembe, kitenge alichojifunga. Baba, aliyekuwa akivaa viatu vya kazini, alisimama na kiatu kimoja mguuni, akatazama wanawake wawili wa maisha yake, akachagua.

"Yaya, urudie kwanza ku Kinkondja. Mutoto akipona tutakuita."

Alipanda lori lililofuata. Kabla hajapanda alimshika Mama mkono, akamwambia, "Usimufunge mukono mu ngumi. Ile tu." Mama akaitikia ndiyo, Yaya, kama mke wa watu anavyopaswa kuitikia. Jioni ile alimfunga Mado mkono ukiwa umekunjwa, mtoto akalala bila kulia, na nyumba nzima ikalala.

Utulivu ule ndio ninaouogopa mpaka leo. Tulisema kwa sauti ndogo, kama watu waliotoka kwenye hatari. Kidonda kilikauka pembeni, kikapungua upana kutoka juma hadi juma, na kidole kidogo kikaingia kiganjani, na cha pete kikakifuata. Kuna siku nilimkuta Mado nyuma ya nyumba peke yake. Alikuwa ameuweka mkono wa kuume kwenye kizingiti cha mlango na anaukandamiza kwa goti, midomo imebanwa, akijaribu kuunyoosha. Aliponiona aliniuliza, "Tante atakuya lini?" Mama alimwona pia, akamkemea asijitoneshe kidonda, akamfunga kitambaa kipya, safi.

Kikafunga kabisa. Mama alipeleka kuku kanisani kwa shukrani, kwaya ikaimba, na Baba akamnyanyua Mado juu ili watu wauone mkono uliopona. Mkono ulikuwa ngumi. Watu walipiga makofi, na mzee mmoja wa viti vya mbele akasema huyu atakuwa bondia, tukacheka kanisa zima. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Ngozi ilikuwa laini, ya kung'aa, nzuri kuitazama kwa mbali.

Nimekuwa fundi wa cherehani, na kazi imenifundisha jambo moja: kitambaa kikipungua, lazima kivute. Daktari aliyekuja kumpasua Mado akiwa msichana mkubwa alinieleza vivyo hivyo. Uvimbe tuliouogopa, alisema, ule wekundu na joto, ulikuwa mwili unapeleka damu na askari wake mahali palipoumia. Siku zile mwili ulikuwa kazini. Hatari ilikuja baadaye, wakati wa kufunga, kwa maana nyama mpya huvuta kingo za kidonda zikutane, nayo huendelea kuvuta hata baada ya ngozi kufunika. Mwili haujui kwamba mkono ni wa kushika kalamu au wa kumpa mgeni. Unajua tu kwamba pako wazi, na unapafunga kwa chochote kilicho karibu, hata kama ni vidole. Tante Numbi aliyaita hayo moto. Jina halikuwa sahihi. Daktari aliweza kumfungulia kidole gumba na cha shahada, basi.

Lakini nimeruka. Kabla ya huyo daktari kulikuwa na siku nyingine. Mado alipelekwa shule, kalamu ikamkatalia, na mwalimu wake akamrudisha na daftari lake kwa mwalimu mwenzake, ambaye ni Baba. Baba alikaa na daftari lile mezani jioni yote. Kesho yake alimtafuta dereva wa lori la samaki, akampa ujumbe wa mdomo: Yaya aje.

Alikuja. Hakuuliza kitu, hakutukumbusha kitu. Alikaa kwenye kigoda uani, Mado akamwendea mwenyewe, akajipenyeza katikati ya magoti yale yale. Tante akashika vidole, akaanza kuvivuta. Nilijiziba masikio. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, Baba nyuma yake. Tante alivuta, akakanda, akavuta tena, mishipa ya mikono yake ikasimama, vidole havikusogea. Mado alimtazama usoni kwa chini, akatabasamu, akaanza kumhadithia habari za shule.

Niliondoa vidole masikioni. Nilifurahi, wenzangu, nilifurahi kweli kweli. Nilimkimbilia Mama, nikamvuta kikwembe. "Mama, uone! Leo haimuume!"

Mama aliketi chini pale pale mlangoni. Tante Numbi aliuweka mkono wa Mado juu ya paja la mtoto mwenyewe, taratibu, akauachia. Sikuelewa kwa nini hakuna mtu mzima aliyetaka kuitazama furaha yangu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima mwenyewe: kilio tulichokikimbia kila asubuhi kilikuwa cha mkono ambao bado ungeweza kufunguka.