Fidla Iliyojibu Sauti ya Mwingine

Wimbo ule niliusikia mara ya kwanza nikisonga ugali, uani kwetu Temeke. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, fidla begani, akitafuta noti moja baada ya nyingine kama mtu anayepapasa njia gizani.

"Wimbo wa nani huo?" nikamuuliza.

"Wa mzungu wa kazini."

Sikumwamini. Nyimbo za wazungu nilizisikia kwenye redio, zimenyooka. Huu ulikuwa na mikunjo, unapanda, unasita, unateleza chini. Ungeniambia umetoka Unguja ningekubali.

Sote wawili tulikuwa klabu moja ya taarab. Mie mwimbaji, yeye mpiga fidla, na tulioana kwa sababu hiyo, siwadanganyi kwamba kulikuwa na nyingine. Mchana alikuwa seremala kwenye majengo. Miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru walikuja Waisraeli, wengine kufundisha ufugaji wa kuku, wengine kujenga, na msimamizi wa kazi pale alipokuwa mume wangu alikuwa mmoja wao. Mtu mnene, mpole, anapiga klarineti. Siku moja saa ya chakula alimkuta mume wangu anapiga mluzi wimbo wetu mmoja, akasimama akasikiliza, kisha akampigia mluzi wa kwao. Ilikuwa kama wamegundua wametoka tumbo moja. Tangu hapo kila Jumapili alasiri mume wangu akawa anabeba fidla yake kwenda Kinondoni, kwenye nyumba waliyopanga.

Jumapili ya tatu nikavaa doti yangu mpya ya kanga, nikasema, "Leo tunakwenda wote."

Barazani palikuwa na wageni kama kumi wa kwao, na majirani Waswahili wamejipanga ukutani. Mke wa msimamizi alitupokea. Mwembamba, mvi zimeanza kumtoka, kodiani imemning'inia kifuani kubwa kuliko yeye. "Karibu, mama. Yeye anasema wewe unaimba," akaniambia. Nikaitikia kwa kichwa tu.

Wakaanza. Klarineti ile, sijui nieleze vipi. Ilicheka katikati ya kilio, kama mtoto aliyepigwa na kupewa mkate kwa wakati mmoja. Walianza taratibu, hata nikadhani ni wimbo wa msiba, kumbe ndio wa harusi kwao. Kodiani ikaanza kusukuma, wageni wakainuka, wakashikana mabega wakazunguka baraza. Jirani mmoja mwenye mtoto mgongoni akaingia katikati yao. Mie nimekunja mikono, nimenuna, na chini ya kigoda mguu wangu unacheza peke yake. Niliuchukia mguu ule.

Kisha yule mama akaimba. Alitueleza kwanza: kuna nyimbo za Kiebrania, hizo za nchi yao mpya, za visima na mashamba, wageni wote waliziimba pamoja kwa sauti kubwa kama kwaya. Na kuna za Kiyidishi, lugha ya mama yake, ya Wayahudi wa huko Ulaya. Hizo aliziimba peke yake. Mmoja ulikuwa wa mama anayemgombeza bintiye kwa kuunguza mkate, kisa anachungulia dirishani kumtazama kijana. Sauti yake haikuwa kubwa, nilikuwa namzidi mara mbili. Lakini kila alipomaliza mstari alinyamaza, na fidla ya mume wangu ikamjibu.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho. Miaka sita anapiga nyuma yangu, sijapata kumwona amefumba macho.

Tuliporudi nilimwacha mpaka tumepita Magomeni.

"Mbona mie hujanipigia hivyo hata siku moja?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo. Kama unazungumza na mtu."

Akatembea kidogo, fidla kwapani. "Yule mama akimaliza mstari huniachia."

"Hukuachia nini?"

"Nafasi. Wewe huniachii. Wewe ukianza, ni wewe mpaka mwisho."

Angeniambia amempenda yule mwanamke ningejua la kufanya. Ningekwenda kwa kina shoga zangu, tungemtungia wimbo, tungeuimba harusini na mji mzima ungejua anasemwa nani. Lakini hili? Nani angetunga wimbo wa kumsuta mtu kwa kunyamaza? Wivu ulinikaa kooni wiki nzima, na kazini kwangu ni kooni.

Jumapili iliyofuata yule mama mwenyewe ndiye aliyeniomba niimbe. Nilikuwa nikiingoja nafasi hiyo. Nikasimama katikati ya baraza lake, nikaimba wimbo ninaojivunia kuliko wote, nikaitoa sauti mpaka wapita njia wakasimama barabarani. Sikuacha upenyo hata wa kupitisha uzi. Mume wangu alinifuata nyuma, kama kawaida yake. Nilipomaliza, baraza zima lilipiga makofi, na yule mama ndiye aliyechelewa kuacha.

"Nifundishe kuimba hivyo," akasema.

"Sauti haifundishwi."

Mume wangu akanikata jicho. Yule mama hakukasirika. Akaitua kodiani, akaja kukaa na mie kwenye kigoda kimoja, tukabanana.

"Yangu nilifundishwa," akasema. "Na mama yangu, jikoni. Tuliimba mimi, yeye, na mama zangu wadogo. Kila mmoja alikuwa na mstari wake. Akimaliza huyu, anaingia mwingine."

"Wako wapi sasa?"

"Waliuawa. Wakati wa vita. Mji wote." Aliyatamka polepole, Kiswahili cha kazini, neno moja moja. "Mimi nikiimba, nanyamaza pale pa kwao. Zamani palikuwa kimya tu. Sasa mume wako anajibu."

Nikamshika goti, basi.

Mtu atafikiri wivu uliisha hapo. Haukuisha. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa usingizi, na bado kila aliporudi kwenye kodiani yake na fidla ikaanza kumjibu, roho iliniuma palepale. Vilikaa pamoja, huruma na wivu, wala havikugombana. Mara nyingine nilitamani awe mbaya kidogo, aringe, aniseme vibaya, nipumue. Badala yake alinishika mkono akaniingiza kwenye duara, nikacheza, mabega yangu yameshikwa na watu nisiowajua, nikafurahi sana. Nilifurahi na kununa. Nilikwenda kila Jumapili mpaka mkataba wa mumewe ulipokwisha.

Siku ya mwisho hawakupiga, vyombo vilikwisha fungwa masandukuni. Tulikunywa chai tumesimama. Alimpa mume wangu mkono, mie akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Mwimbie." Hakusema "imba", alisema "mwimbie". Sikujua kama amekosea Kiswahili au hakukosea.

Klabu yetu ilialikwa harusi moja Mtoni kwa Azizi Ali baada ya hapo. Kati ya beti mbili, bila kuniambia, mume wangu akauingiza ule wimbo wa mkate ulioungua. Wenzake wakamtazama, kisha mpiga tabla akamfuata, na mpiga kodiani naye. Mie nimesimama mbele yao, mdomo wazi, ubeti wangu unaningoja. Ningeweza kuingia, sauti yangu ingewafunika wote.

Nikamwacha. Akaendelea, akarefusha, macho amefumba. Wanawake wakainuka kumtunza, wakamvisha kanga mabegani, yeye mpiga fidla ambaye hajapata kutunzwa. Mmoja akaja kuniuliza, "Shoga, huo wimbo mmeutoa wapi?"

"Kinondoni," nikamwambia, na nikauchukua ubeti wangu.